Chai ya Mzee Yengi

Magharibi ilipokaribia, Kadijah alimfunga mwanawe mgongoni, akabeba chupa ya chai, akaingia msitu uliofungwa na serikali, nje kidogo ya mji wa Koboko. Tangu mumewe avuke mpaka wa Oraba na lori na simu yake ikanyamaza, aliwapikia watafiti wa mafuta. Walikuwa na kibali cha kupima tu, si kuchimba. Walichomeka ardhini vifaa vingi vya kusikiliza kilichoko chini.

Mlinzi wa vifaa, aliyepelekewa chai hiyo, alikuwa mzee Yengi. Kila jioni alimbakizia Kadijah kipande cha muhogo, akijifanya ameshiba.

"Polepole, binti," alinong'ona. "Mashine iko nasikiliza. Kaa."

Akakaa. Mtoto akaanza kulia.

"Nyamaza, Latifah... nyamaza."

Yengi alishtuka. "Hapana! Hapa hakuna kuita jina ya mutu. Wazee ilikataza. Nimeambia hawa wageni, wao nacheka tu."

"Sikujua, baba. Mimi ni mtoto wa mjini, wa Arua."

Mtoto akaacha kulia ghafla.

Kisha harufu... udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa leo. Kitu kikagonga nyayo zake kutoka chini. Taratibu. Kama mgeni abishaye hodi.

"Latifah..."

Sauti ilikuwa ya Kadijah mwenyewe.

Midomo yake ilikuwa imefumbwa.

Mtoto akacheka, mikono ikiitaka ardhi. Akawa mzito... mzito kama gunia la mawe. Kadijah akaangukia magoti.

Yengi alivua koti lake, akamziba mtoto masikio. Kisha akalala kifudifudi, mdomo kwenye udongo.

"Naam," akaitika. "Latifah ni mimi."

Mzigo ukawa mwepesi.

"Kimbia, binti. Usigeuke."

Asubuhi Yengi hakuonekana. Wakubwa walisema ameacha kazi. Lakini Margarita, mhandisi, alimwita Kadijah kando, akamvisha masikioni visikilizio vya mashine. Kutoka chini kabisa, mzee alikuwa akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto. Wiki ile watafiti wakafungasha, wakaondoka.

Miaka miwili sasa. Kadijah humwita bintiye "mama" tu, na kila jioni huenda peke yake kuacha kikombe cha chai ukingoni mwa msitu.

Jana mvua ilimzuia kwenda.

Usiku alimkuta mtoto amelala chini, sikio sakafuni.

"Mama, babu anasema amechoka." Akainua macho. "Latifah ni nani?"