Kichwa Nilichokifumua Uwanjani

Jua lilikuwa linazama nilipofagia nywele za mteja wa mwisho, nikazifunga kwenye mfuko na kumkabidhi mwenyewe mlangoni. Ndivyo nilivyofundishwa. Fundi aliyenifunza ususi alikuwa mkali kwa mambo mawili: nywele za mtu huondoka na mwenyewe, na kichwa hukifumui kabla hujamwona mwenye kichwa usoni. Nilikuwa namcheka kimoyomoyo. Siku hizi sicheki.

Nilijitupa kwenye kiti cha wateja, nikawasha simu na kuingia mchezoni.

Mdogo wangu ndiye aliyenitia wazimu huo. Kwingine mle ndani watu wanapigana na kukimbizana, ila kuna uwanja wa kupiga soga tu na kuringishiana nguo. Kila mmoja ana avata yake, yaani mwili wake wa mle ndani. Mwenyewe akiweka simu chini akale, avata inabaki imesimama ikiyumbayumba. Shingo kushoto, inarudi. Kushoto, inarudi. Sikuwahi kuipenda hali ile.

Nilikuwa nimefungua saluni kwenye kona ya uwanja. Avata ya mdogo wangu niliitengeneza kwa mkono wangu nikitazama picha aliyojipiga: pua yake, misuko yake, hata kovu lake la utotoni nyuma ya sikio. Alipoiona alicheka mpaka machozi. "Dada, fundi gani hujui kulia na kushoto? Kovu langu liko kulia!" Kumbe picha ilikuwa imegeuza pande, kama kioo. Niliahidi kurekebisha, nikapitiwa.

Kila magharibi alinisubiri kule, yeye akiwa nyumbani, tukapiga umbea mpaka nifunge saluni ya kweli.

Jioni ile nilimkuta ameshakaa kitini, amenipa mgongo. Jina lake lilikuwa juu ya kichwa chake.

"Fumua," akanong'ona.

"Hata salamu hakuna? Haya bibie, shikamoo basi."

"Fumua, dada."

Sauti ilikuwa nzito, nikadhani ana mafua. Nikaanza kupitisha kidole kwenye kioo cha simu, msuko baada ya msuko. Mle ndani nywele hazianguki, zinabadilika tu. Lakini hizi zilikuwa zinadondoka sakafuni... na yeye anainama, anaziokota, anazikusanya mapajani.

Kisha nikasikia harufu.

Mafuta ya nywele. Yale anayopaka mdogo wangu. Saluni nzima ilinukia kichwa chake.

Ujumbe ukatokea juu ya kioo. Ulitoka kwake: "Da, simu inazima na chaja siioni. Leo siji uwanjani. Kichwa kinaniwasha ajabu, sijui umenisukaje."

Nikatazama kitini. Misuko ilikuwa imebaki michache tu.

"Malizia," akanong'ona yule wa kitini.

"Wewe ni nani?"

"Bado kidogo niwe mdogo wako."

Nikaondoa kidole kwenye kioo. Mikono ya avata yangu haikusimama. Iliendelea kufumua yenyewe, taratibu, kwa ufundi wangu mwenyewe, mpaka msuko wa mwisho ukaachia. Yule akasimama, akakumbatia bunda la nywele, akapotea katikati ya watu.

Nilimpigia mdogo wangu. Hapatikani. Nilikimbia nyumbani bila kufunga saluni, viatu mkononi, simu mfukoni mchezo ukiwa haujazimwa.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

"Da, umechelewa," akasema bila kugeuka.

Alikuwa amesimama mbele ya jiko, nywele zimefumuliwa zote, zimemtawanyika mabegani. Anayumbayumba. Shingo kushoto... inarudi. Kushoto... inarudi.

Kitu kilikuwa kinaungua motoni. Harufu ya nywele ilijaa chumba.

"Mdogo wangu, nigeukie nikuone."

"Kula kwanza."

Nikamsogelea. Nikatenga nywele nyuma ya sikio la kulia, kama nilivyofanya tangu akiwa mtoto. Ngozi ilikuwa laini kabisa. Nikatenga kushoto.

Kovu.

Mfukoni mwangu simu ikaanza kulia kilio cha mtu. Ilikuwa sauti yake, ile ninayoijua hata usingizini.

"Dada... niko uwanjani. Watu wananipita tu. Nisuke tena nirudi."

Juu ya moto, lile bunda la nywele zake lilikuwa linamalizikia.

Nimejaribu kumsuka kwa nywele za kila aina mle ndani. Nikizisuka jioni, asubuhi zimeachia. Mama haniamini. Anasema mdogo wangu ametulia siku hizi, hajibu ovyo, nimwache mtoto apumue. Mimi nalala na kiti kimeegemezwa mlangoni, namsikia yule aliyechukua nafasi yake amesimama ukumbini. Ananitisha, na ninamchukia, na mama anampakulia chakula.

Kila magharibi nakwenda uwanjani kukaa na mdogo wangu. Mwanzoni alikuwa analia, tunalia wote. Nikamkumbusha kitanda chetu, ugomvi wetu wa mashuka, jinsi alivyoanguka akapata lile kovu. Baadaye akawa ananisikiliza tu.

Jana nilimkuta peke yake kwenye benchi, anayumbayumba. Nikakaa pembeni yake, nikamwita jina alilokuwa akiitwa akiwa mdogo. Akageuza shingo, akanitazama kwa adabu.

"Samahani, fundi," akasema. "Unamtafuta nani?"