Linux Mpya na Mbuzi wa Ntheo

"Imekubali!" Nzioka alisema, amepiga magoti mbele ya kompyuta kuukuu pembeni mwa jikoni. "Mutindi, imekubali!"

Nje pampu ilinguruma, maji yakaanza kupanda tangini. Mashine hiyo ndiyo iliyoendesha pampu na taa za nyumba ya kina Mutindi, hapo Mwingi, mwaka wa 1999. Nzioka aliiunda mwenyewe kwa vipuri vya kuokota. Ila iliganda karibu kila wiki, na ikiganda, Mutindi alimpigia simu dukani kwake. Ndivyo walivyopendana, kwa simu za mashine mbovu.

"Sasa haitaganda tena?"

"Haiwezi. Nimetoa Linux ya zamani, nikaweka mpya. Linux ndio kichwa ya hii kitu. Ile ya kwanza ilikuwa na kasoro, wenyewe wakarekebisha, wakatoa kwa CD."

"Na hiyo CD umeipata lini?"

Nzioka akajikuna shingo.

"Nzioka?"

"Nimekuwa nayo tangu mwaka jana."

Mutindi akamgeukia.

"Mwaka jana? Yaani ulikuwa na dawa kwa droo, na hii kitu inaganda hivyo?"

"Ningeitengeneza, ungenipigia simu ya nini? Mimi ni fundi wa redio. Wewe ni mwalimu. Ningekuja hapa kwenu nikisema nini?"

"Ungesema unanipenda!"

"Niliogopa."

"Na ukiogopa, mama yangu alikuwa anachota maji wapi?"

Mwezi uliopita, mashine ikiwa imeganda, Mbula, mamake Mutindi, aliteleza kwenye kisima cha mchanga mtoni, mtungi mgongoni. Mkono wake ulikuwa bado kwenye plasta. Na jamani, siku hiyo Nzioka ndiye aliyefika hospitalini wa kwanza, na machungwa mkononi! Mutindi aliyakumbuka machungwa yale, akasogea mbali naye.

"Ndio maana nimeiweka leo," Nzioka alisema kwa sauti ndogo. "Tangu aanguke silali. Nikasema kabla wazee wafike..."

"Wazee gani?"

Mbuzi akalia getini.

Kwa Wakamba, mwanamume hana mke mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwa kina msichana, na msichana aulizwe kama wapokewe. Mzee Kiema, mjomba wa Nzioka, alikuwa tayari uani na wazee wenzake na mbuzi watatu, anatabasamu mpaka magego yanaonekana. Mbula alijua wanakuja. Alitaka kumshangaza binti yake.

"Mwanetu," Kiema akasema, "hawa mbuzi tuwafunge, ama turudi nao?"

"Muulize Nzioka kwanza. Awaambie amefanya nini."

Nzioka akawaambia yote, macho chini. Tabasamu la Kiema likakauka.

"Ai! Nzioka, umetuvua nguo!" Akaanza kuwavuta mbuzi kurudi getini.

"Simama hapo," Mbula akasema. "Mkono uliovunjika ni wangu. Mbona mnaenda bila kuniuliza?"

Akaingia ndani, akatoka na mtungi na mukwa, ule mkanda wa ngozi ambao wanawake huupitisha kipajini wakibeba mzigo mgongoni. Akamtupia Nzioka.

"Mtoni."

"Lakini mama, pampu sasa inafanya—"

"Nimeisikia. Mtoni! Kila siku, mpaka hii plasta itoke."

Watu waliduwaa. Mwanamume abebe maji kwa mukwa, mchana kweupe, apite nayo sokoni? Kiema alifunika uso kwa kofia. Nzioka akauokota mkanda, akatoka.

Chai ilipoa, hakuna aliyeigusa. Walingoja tu, tangi limejaa mpaka linamwagika, hadi vicheko vikasikika barabarani. Nzioka akaingia amelowa mgongo mzima, kipaji kimechubuka. Akauweka mtungi miguuni pa Mbula.

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimekusamehe. Sasa muulizeni mwenye kuolewa."

Mutindi alimtazama. Hasira ilikuwepo, na mapenzi pia yalikuwepo, tena hakuna lililokubali kumpisha mwenzake. Alimwendea Kiema, akachukua kamba mkononi mwake.

"Nawafunga," alisema. "Lakini kesho amka mapema, Nzioka. Laini ya mtoni ni ndefu."