Hamira Iliuawa kwa Maji ya Chai, Mume Wangu Akafuata

Nina miaka arobaini na saba, mjane, shule niliishia darasa la nne. Nimepanga chumba Kigera, Musoma, nauza maandazi. Msinionee huruma. Someni tu, na haya majina mawili myashike: Wambura na mke wake Nyangeta!

Nilikuwaga na mji wangu huko Butiama. Wambura ni mdogo wa marehemu mume wangu, Magesa. Alipopata karasha la kusaga mawe ya dhahabu, akaliweka juu ya kisima chetu. Dhahabu anaiosha na zebaki, maji machafu yanateremka... Mimi nashinda mnadani Bunda, Magesa anashinda nyumbani na maji yale. Mikono ikaanza kumtetemeka. Uji unamwagika, fizi zinatoka damu, mpaka jina langu mimi mkewe akalisahau!

Ukoo ukaanza kunong'ona. Eti nimemwekea kitu kwenye maandazi.

Ndipo akaja binti mtaalamu kutoka chuo kupima maji ya visima, na vichupa vya hamira. Hamira hii hii ya maandazi, ila wao wameibadilisha huko ndani kusikoonekana kwa macho, ikikutana na zebaki inageuka nyekundu. Akasema tutie maji ya kisima na sukari kidogo, tuache mpaka kesho yake. Nilifurahi jamani! Nikajua hamira itaniokoa.

Vikae kwa nani? Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikasema vikae kwa Nyangeta! Tulikuwa tunaimba kwaya moja. Mtoto wake wa kwanza mimi ndiye nilimpokea. Ningejuaje?

Binti akaenda vijiji vingine. Kesho yake watu wakakusanyika, vichupa vikatolewa... vyeupe! Wekundu hakuna hata chembe. Wambura akapiga makofi.

"Maji salama! Sasa shemeji, tueleze vizuri hayo maandazi yako."

Nilifukuzwa siku hiyo hiyo na beseni langu. Magesa akabaki kwao, wakawa wanamnywesha maji yale yale. Alipokufa, hata uso wake sikuruhusiwa kuuona...

Huku Kigera, asubuhi moja mpangaji mwenzangu alinisaidia kukanda, akatia maji yanayochemka. Unga ukalala kama udongo. Nikamfokea, "Umeiunguza hamira! Imekufa, tazama, hata povu haina!"

Mikono ikanikauka ndani ya beseni. Vile vichupa... navyo havikuwa na povu! Na sukari ilikuwemo! Mimi ninayeishi kwa hamira, nilitazama rangi tu kama wengine!

Nikampigia yule binti. Akasema, "Mama, hata maji yakiwa safi, povu lazima liwepo. Hiyo ilikufa."

Akarudi na vichupa vipya, tukaenda wote Butiama. Safari hii nilivishika mimi, havikutoka mkononi mwangu mpaka kesho yake. Vikatoka na povu, vyekundu kama damu, mbele ya mkutano wa kijiji! Wambura akasema ni uchawi wa wanawake. Sikubishana naye. Nikachota kikombe kisimani, nikampelekea kwa mikono miwili, na goti nikapiga.

"Karibu maji, shemeji. Si ulisema salama?"

Akakitazama. Mama mmoja akapaza sauti, "Kunywa bwana, kaka yako alikunywa!"

Hakukigusa. Akarudi nyuma hatua mbili!

Nyangeta akaangua kilio. Akasema alivimwagia maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, mumewe ndiye alimtuma.

Karasha limeondolewa, kisima kimefungwa, Wambura amehama. Mwezi uliopita Nyangeta alikuja hapa kuomba msamaha. Nikamwekea mezani chupa ya chai na kijiko cha hamira. Nikamwambia, "Nionyeshe ulivyofanya." Alilia, mkono haukuinuka... Nikamfungulia mlango atoke. Sijamsamehe, na sioni haya kuliandika!

Wasomaji wenzangu mnaokaa karibu na machimbo, nawasihi: kipimo cha maji yenu msimkabidhi mtu anayekula kupitia uchafu wa maji hayo, hata kama mnaimba kwaya moja. Na mkiambiwa maji ni salama, ulizeni kwanza: hamira ilikuwa hai?

Mimi sikuuliza. Magesa wangu yuko udongoni.