Kisahani cha Shaba cha Mama Nice

Jovitha aliinua kalamu yake ya kuchongea, lakini mlio wa kukwaruza haukukoma. Uliendelea, krrr, krrr, kisha ukakatika ghafla, kama mtu aliyegundua kuwa anasikilizwa.

"Panya," akajiambia. Kariakoo panya wake hata paka huwapisha njia. Akarudi kazini.

Mama wa Kichaga akishaitamani biashara, nani wa kumzuia? Huyu alitaka kuchonga majina kwenye pete za harusi na bangili. Mumewe Elibariki, muuza ndala wa jumla, bahili ambaye hata kucheka hucheka nusu, alikataa katakata kununua mashine. Basi akaanza na alichonacho. Kalamu yake ilikuwa msumari wa zege aliounoa kwenye jiwe mpaka ukakata, akautia kipande cha fimbo ya fagio kuwa mpini. Cha kuchongwa alikigandisha kwenye bakuli la lami kisicheze, na bakuli akalikalisha juu ya kata ya khanga ili lizunguke. Fundi Zahoro wa Ilala alimfundisha bure, na watu wakasema mengi kuhusu hiyo bure, tuyaache.

"Mkono usizunguke, mama," Zahoro alimwambia. "Herufi ikipinda, zungusha bakuli."

Shaba ya kujifunzia aliipata kwa wauza vyuma chakavu: kisahani cha upana wa kiganja, kimejaa maandishi ya Kiarabu yaliyofifia. Mlutheri wa watu, angeyajulia wapi? Akakipiga msasa mpaka kikang'aa, halafu akachonga jina ambalo mama yeyote angeanza nalo, la binti yake. NICE.

Tangu siku hiyo Nice, mtoto wa darasa la tatu, hakuinuka kitandani. Hospitali walipima, hawakuona kitu. Chumba kikaanza kunuka sarafu iliyoshikwa na mkono wa jasho.

Alasiri moja, akimwuguza, Jovitha alikaa mezani alipambe lile jina kwa ua. Akazungusha bakuli kulia. Kitandani mfupa ukalia, ko! Uso wa Nice ulikuwa umegeukia ukutani. Akalirudisha bakuli, na uso ukarudi nao, macho yamefumbwa. Akalisogeza tena kidogo tu, kwa sababu moyo ulikuwa unakataa kuamini, na ngozi ya shingo ya mtoto ikajikunja kama nguo inayokamuliwa.

Alishuka ngazi peku hadi kwa Bi Fakhriya, Mwarabu wa ghorofa ya chini anayeuza udi, mjuzi wa siri za jengo zima na za majini pia.

"Shikamoo, Bi Fakhriya. Njoo, mama, njoo!"

"Marahaba. Mbona leo umekuwa mweupe kunishinda mimi?"

Mzaha ulimwishia mlangoni alipoisikia ile harufu. Akakiinamia kisahani.

"Hapa palikuwa na maandishi."

"Niliyafuta. Yalikuwa yananiharibia pa kuchonga."

"Uliyafuta!" Bi Fakhriya alinong'ona. "Lile lilikuwa kufuli, Mama Nice. Umemfungulia aliyemo, kisha ukampa jina la mwanao."

"Basi nilifute na jina."

"Ukilifuta, umemfuta na mwanao. Lizungushie duara, liwe kufuli jipya." Akasoma dua, akachora mstari kwa zafarani kulizunguka jina. "Chonga juu ya huu, usiache pengo. Na damu yako isiguse shaba, asije akapata pengine pa kukaa."

Jovitha akalishika bakuli. Shingo ya Nice ikalia. Duara zima ni bakuli kuzunguka lote, na shingo pamoja nalo. Ndipo akaliachia bakuli, akasimama, akaanza kuizunguka meza yeye mwenyewe.

"Zungusha, Jovitha," sauti nzito ya kiume ikatoka kinywani mwa mtoto. "Fundi wako alikufundishaje?"

Akainama na kusukuma kalamu, hatua moja kisha nyingine, jasho likimchoma machoni, vipaza sauti vya wamachinga kule Mtaa wa Kongo vikizimika kimoja baada ya kingine mpaka mji wote ukabaki na mlio wa msumari wake, na ile sauti ikimbembeleza, ikimtukana, ikimlilia kwa sauti ya Nice mwenyewe, "Mama unaniumiza, mama zungusha," naye akizidi kwenda mpaka ncha ya mstari ikakutana na mwanzo wake, na hapo hapo kalamu ikateleza ikamchoma dole gumba.

Tone moja likaangukia shaba. Akalifuta upesi kwa khanga kabla Bi Fakhriya hajageuka.

"Mama," Nice akasema kwa sauti yake, ameketi. "Nina njaa."

"Alhamdulillahi!" Bi Fakhriya akashika kifua.

Juu ya meza, bila mkono wa mtu, bakuli likaanza kuzunguka taratibu.

Jovitha, amesimama kuelekea kitandani, akamtupia mtoto jicho. Shingo imetulia. Mtoto anapiga miayo! Akatabasamu. Lakini Bi Fakhriya hakuwa akimtazama mtoto.

"Mama Nice," alisema polepole, "usiinue mguu. Unaona nini mbele yako?"

"Mlango," Jovitha akajibu, na ndipo akakumbuka kwamba mlango alikuwa ameupa mgongo.