Jetoni Yenye Nyota Iliyokatika

Kila Jumamosi Hulda aliosha vyombo, akafagia ua, kisha akachukua beseni tupu na kupanda hadi kwenye mashine ya kusaga ya Mama Kasika, juu kidogo ya soko. Umeme wa Butembo huja unapotaka, kwa hiyo Mama Kasika alikuwa na utaratibu wake. Unaleta mihogo mikavu siku yoyote, Kamate mwendesha mashine anakupa jetoni, na ukirudi na jetoni hiyo unapewa beseni la unga uliokwisha kusagwa. Jetoni yenyewe ilikuwa kipande cha bati kilichogongwa nyota ndogo kwa chapa ya chuma. Haikuwa na jina. Aliyeishika ndiye aliyekuwa na haki ya unga.

Jumamosi hiyo watu wa foleni hawakutaniana kama kawaida. Unga uliotoka ghalani ulikuwa mwingi kuliko mihogo iliyoingia, na Mama Kasika alisimama mlangoni akitangaza kwamba kuna watu wanatengeneza jetoni za uongo. Nyota yake ina pembe tano, alisema. Atakayeleta nyota iliyokatika ni mwizi, na yeye hatamtetea mbele ya watu.

Hulda alifungua kiganja chake. Nyota yake ilikuwa na pembe nne. Mahali pa pembe ya tano palikuwa butu, kama jino lililovunjika.

Siku chache kabla, akitoka shuleni, alikuwa ameona watu wakimpiga mtu aliyesemekana ameiba simu. Hakuna aliyemuuliza kitu. Polisi walipomwondoa, kiatu chake kimoja kilibaki mtaroni, na Hulda alikiona tena kila alipofumba macho. Alitaka kuondoka kwenye foleni, lakini walio nyuma wangeuliza kwa nini. Na akirudi mikono mitupu, mama yake atakuja mwenyewe na jetoni ile ile.

Mbele yake alisimama Nadège, mwanamke kijana aliyekimbia vita upande wa Beni na kupewa chumba karibu na kwao; Hulda alimwita yaya, yaani dada mkubwa. Mtoto wake alikuwa anateleza mgongoni. Nadège aligeuka, akamwomba Hulda amshikie jetoni ili afunge kitenge vizuri.

Nyota ya Nadège ilikuwa kamili, pembe zote tano. Vidole vya Hulda vilifanya kazi kabla kichwa hakijamaliza kufikiri. Nadège alipokwisha kufunga kitenge, Hulda akampa ile ya pembe nne.

"Aksanti, mutoto muzuri," Nadège alisema, bila kuitazama.

Zamu ya Nadège ilifika upesi. Mama Kasika aliiinua jetoni kwenye mwanga, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alikupa hii?"

Nadège alijibu kwamba alipewa hapo hapo, na Kamate. Kamate aliinamia mkanda wa mashine kama mtu asiyesikia. Foleni ikavunjika, watu wakawazunguka. Mwanamke mmoja alisema hawa wanaotoka mbali ndio wanaomaliza unga wa watu. Mwingine akataka afukuzwe, akasema, "Mumutoshe inje." Mwanamume mmoja alikuwa ameokota mchi uliokuwa ukutani. Mtoto mgongoni alianza kulia, na Nadège akarudi nyuma hadi ukuta ukamzuia.

"Miye sijue," alirudia Nadège. "Miye sijue."

Hulda aliona kwamba akinyamaza kidogo tu, mambo yatakwisha na hakuna atakayejua. Akamwona Nadège akimhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani, akimfunika kichwa kwa mikono miwili.

"Hiyo ni yangu," Hulda alisema. Hakusikika. Akasukuma watu, akasimama mbele ya mwenye mchi. "Mama Kasika, jetoni hiyo ni yangu. Yaya Nadège alinishikisha yake, nikambadilishia. Yake ni hii."

Mama Kasika alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Basi mwizi ni weye?"

"Hapana, mama. Nilileta mihogo, nikapewa hapa mlangoni. Niliogopa tu." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini aliendelea. "Gongesha nyingine sasa hivi, tuone."

Mama Kasika hakupenda kuamriwa na mtoto, ila alimwita Kamate na kumwambia alete chapa. Kamate alikwenda taratibu. Aliweka bati juu ya jiwe, akaigonga chapa kwa nyundo mara moja. Wote wakainama. Nyota ilitoka na pembe nne, na pale pa tano palikuwa butu vile vile.

Hapo Kamate akasema. Wiki iliyopita alitumia chapa kufungulia nati iliyokaza, ncha ikakatika. Aliogopa kufukuzwa, akaendelea kugonga hivyo hivyo.

"Na unga wangu unaopotea?" aliuliza Mama Kasika.

Akamwaga mezani kopo la jetoni alizokwisha kuzipokea. Hulda, aliyekuwa amesugua jetoni mkononi kwa woga kwenye foleni, alizigusa moja baada ya nyingine. Jetoni ya chapa, iwe nzima au imekatika, ilikuwa na kivimbe nyuma, kwa sababu nyundo ilikuwa imelisukuma bati. Kisha akapata nyingine zenye pembe tano nzuri sana, lakini nyuma yake palikuwa laini. Hizo hazikugongwa. Mtu alikuwa amezikwaruza kwa msumari.

Mama Kasika alizigeuza mwenyewe, akazipapasa kwa kidole gumba. Alikuwa amezipokea za uongo kwa furaha, na za kweli alikuwa tayari kuzimwagia damu. Mwenye mchi aliurudisha ukutani na kuanza kutafuta beseni lake.

Mama Kasika alimwomba Nadège msamaha mbele ya wote, akawapimia unga yeye na Hulda. Alimwambia Kamate kwamba kuanzia sasa kila jetoni itageuzwa nyuma kabla ya kupokewa, na kwamba chapa mpya atailipa yeye. Kisha akamgeukia Hulda.

"Kuogopa si kosa, mutoto. Miye pia niliogopa kwa ajili ya unga wangu, ndiyo maana nikahukumu kabla ya kutazama. Kamate aliogopa, akanyamaza. Weye uliogopa, ukampa mwenzako woga wako aubebe. Hapo ndipo kosa linaanza. Ukiogopa, sema mapema, wakati kusema bado ni rahisi."

Hulda alimfuata Nadège hadi barabarani, akataka kumbebea beseni na kumwomba radhi.

"Nimesikia," Nadège alisema. Akalishika beseni mwenyewe. "Lakini leo usinifuate."

Hulda alisimama hadi Nadège alipopotea kwenye kona. Kisha akajitwika unga wake, akateremka nyumbani, na kabla hajalitua beseni akamweleza mama yake yote, akianza na sehemu aliyoionea aibu zaidi.