Mega Mbili za Sala

Prado nyeupe ilikuwa nyuma yake, na Umwiza hakuwa na mpango wa kufa sokoni Birere mchana kweupe.

Alipenyeza pikipiki yake ya TVS katikati ya meza mbili za ndala. Mwenye ndala akamtukana, na alikuwa na haki.

Prado haikupita.

Simu ikalia; akaibana sikioni. Muzee Damascène, mkuu wake wa upelelezi, mtu asiyejua kusalimia.

"Video iko wapi?"

"Niko nayo. Giga mbili."

"Itume."

"Réseau ya simu haiko, Muzee. Imekwama asilimia tatu."

"Basi jifiche ungoje. Kesho tutaomba ruhusa."

"Kesho kamiyo zitakuwa zimefika mu mashimo."

"Ngoja. Ni ordre, ni amri."

Umwiza akakata simu. Kungoja! Watu wa ofisini wanalipenda sana neno hilo, maana viti vyao vina mito.

Kule Kanyaruchinya, kambini kwa waliokimbia vita, vijana walikuwa wanapanda malori matatu, kamiyo zenyewe. Waliahidiwa kazi ya kuchuma chai. Uongo mtupu. Walikuwa wameuzwa kwa mgeni anayechimba madini kwa siri msituni, na anayeingia mashimo yale harudi kwao. Aliyewauza ni Florent, mkubwa wa magendo. Wiki nzima alizunguka kambi ndani ya gari la vioo vyeusi, akitangaza kazi kwa mégaphone. Sura yake kambini hakuna aliyeiona. Sauti yake hata watoto waliiiga wakicheza.

Umwiza akaingiza pikipiki kwenye ua wa saluni, akajitupa kitini.

"Dada, nifunike. Kuna wanaume wako nanifuata."

Msusi hakuuliza jina. Akamfunika kitambaa hadi kidevuni, akampaka povu kichwani.

Chini ya kitambaa, simu ya Samsung mkononi, Umwiza akaitazama video kwa mara ya kwanza. Asubuhi ile alijifanya mpika chai, akaacha mkoba wenye kamera ndogo kwenye kikao cha Florent.

Viatu.

Kamera ilikuwa imeangalia chini ya meza muda wote. Viatu vya Florent, viatu vya mgeni, mguu wa kiti. Alitaka kulia kwa hasira. Roho yake ameiweka rehani kwa ajili ya viatu!

Akaweka kisikilizio sikioni. Hapo akatabasamu.

Florent alifungua kikao kama vinavyofunguliwa vikao vyote vya Goma, viwe vya harusi au vya wizi: kwa sala. Na alikuwa mtu asiyemficha Mungu kitu.

Picha za nini, basi?

Akafungua programu ya kubadilisha faili. Ondoa picha. Bakiza sauti. MP3, kilobiti sitini na nne. Akakata sala peke yake, akabonyeza.

Giga mbili zikawa mega mbili. Akaituma kambini.

Mlango ukasukumwa. Mwanamume wa miwani, mtu wa Florent kutoka kwenye Prado, bastola imetuna chini ya koti.

"Hamujaona mwanamuke wa TVS?"

"Hapa wanawake ni wengi, papa," msusi akasema. "Ao uko nataka kusukwa?"

Saluni nzima ikacheka. Akaondoka amenuna.

Asilimia arobaini. Themanini.

Imefika.

Umwiza akampigia Mama Eugénie, kiongozi wa kwaya kambini. Mwanawe, Ushindi, alikuwa tayari juu ya lori.

"Mama, nimekutumia sauti. Iweke mu spika zote za kanisa."

"Mutoto amekataa kushuka, Umwiza. Anasema niko namuzibia kazi."

"Weka sauti, mama. Sasa hivi."

Akaondoka na povu kichwani, gesi hadi mwisho. Alipofika kambini, spika zilikuwa zinanguruma juu ya mahema.

"Baba wa mbinguni, linda kamiyo zetu. Funga macho ya wazazi, wasijue batoto wako naenda mu mashimo. Wenye watakufa, ee Bwana, miili yao isionekane. Amina."

Uwanja mzima ukageukia gari la vioo vyeusi.

Kioo cheusi kikashuka kidogo. Mégaphone ikatoka.

"Ndugu zangu, musidanganywe. Hii sauti haiko yangu."

Maskini Florent. Angenyamaza! Sasa kila mtu alikuwa amezisikia zote mbili, na ilikuwa sauti moja, na mkwaruzo wake uleule.

Ushindi akaruka chini wa kwanza. Wenzake wakafuata. Kina mama wakawapokonya madereva funguo, wakakaa mbele ya magurudumu.

Umwiza akafungua mlango wa gari, bastola yake ya Beretta mkononi.

"Shuka, papa. Wakuone na sura."

Florent akashuka, mégaphone bado mkononi.

Simu ikalia.

"Nani alikupa ruhusa?" Muzee Damascène alifoka.

"Wenye batoto," akasema Umwiza, akakata.

Akamwacha Florent mikononi mwa kina mama, akapanda TVS, akaondoka taratibu. Mama Eugénie alikuwa ameshika shati la Ushindi kwa mikono miwili, na hakuonekana kama atakayeliachia leo.