Diski za Majora Mawili

Mchana ule ukumbi wa maduka ya vifaa vya umeme ulikuwa umefurika watu. Redio zilikuwa zinajaribiwa kila meza, kila moja na wimbo wake, na wauzaji walikuwa wanapaza sauti juu ya zote. Katikati ya msongamano alipita dada mmoja aliyevaa gauni la rangi ya haradali, kiuno kimekaa mahali pake, mikono imekatwa kwa ustadi mpaka wapita njia waligeuka. Alilishona mwenyewe. Alikuwa fundi wa nguo, na tangazo la fundi ni mwili wake. Kwapani alibana sanduku dogo jeusi lililokuwa linamtoa jasho.

Sanduku lilitumwa na kaka yake aishiye mbali. Ni la kuunganishwa na mtandao wa nyumbani, ili filamu na picha za familia zikae humo na kutazamwa kwenye televisheni. Lakini lilikuja tupu, na nafasi mbili za diski zilikuwa wazi. Kilichotakiwa kuwekwa humo ni filamu alizopiga marehemu baba yao kwa kamera yake ndogo, zilizohifadhiwa kwenye kompyuta kuukuu iliyoanza kukohoa. Sauti ya baba haikuwa imebaki mahali pengine popote. Mama yao, tangu afiwe, alikuwa hafungui kinywa mpaka azitazame alasiri, ndipo huomba chai na kuuliza habari za watu. Kompyuta ile ikikata roho, baba angezikwa mara ya pili, na mama angenyamaza moja kwa moja.

Dada alikuwa ameshachagua diski mbili za bei rahisi, anafungua mkoba alipe, sauti ikatoka meza ya jirani.

"Dada, hizo hazitaelewana na sanduku lako."

Aligeuka, akamwona mwanaume mrefu aliyekunja mikono ya shati, miwani ameipandisha kwenye paji la uso na dhahiri ameisahau huko. Muuzaji alicheka akasema huyo ndiye Daktari, anatibu diski zilizokufa, na akianza kuzungumza siku hiyo hakuna anayeuza. Dada alijiambia kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Bila shaka huyu naye ana zake za kuuza.

"Umelijuaje sanduku langu?"

"Nimekuona tangu unaingia," alisema, kisha akajikwaa. "Yaani, nimeliona sanduku."

Dada alicheka, na kicheko kile kilimponza Daktari, kama tutakavyoona.

Alimweleza taratibu. Kila mtengenezaji wa sanduku hutangaza diski alizozijaribu zikafanya kazi vizuri, na hapo ndipo pa kuanzia. Mbili hizo zilingane ukubwa, maana sanduku huandika kila kitu mara mbili, moja ikifa nyingine ibaki nacho. Na ziwe zimetengenezwa kwa kazi isiyolala. Zile za bei rahisi huandika mistari iliyolaliana kama vigae vya paa. Kubadilisha kigae kimoja lazima uinue na cha jirani. Mtu anayeweka vitu vyake akaviacha hazimsumbui. Tatizo ni siku diski moja inapokufa na mpya inatakiwa kunakili kila kitu upya: itachelewa kujibu, sanduku lidhani nayo imekufa, liitoe nje.

"Wewe huuzi, unahubiri," dada alimwambia.

"Nahubiri kwa sababu wanaolia huja kwangu."

Akatoa chini ya meza diski iliyofunguliwa kifuniko, akamwekea kiganjani. Bamba lake lilikuwa linang'aa kuliko kioo chochote ambacho dada aliwahi kumsimamishia mteja. Juu yake kulikuwa na mkono mwembamba wa chuma.

"Ikiwa hai, bamba huzunguka na ncha ya huu mkono huelea juu yake bila kuligusa," alisema, na sauti ilikuwa imemshuka kama ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. "Katikati hapapiti hata unywele. Nazifungua kila siku, dada, na bado sijazoea."

Dada aliuona uso wake ndani ya bamba. Alifikiria kwamba kitu hiki kinachotosha kiganjani kinaweza kubeba kicheko cha baba, mwendo wake, namna alivyokuwa anasafisha koo kabla ya kusema jambo, na mwili ulimsisimka. Redio zote za ukumbini alikuwa hazisikii tena.

Jumamosi Daktari alikwenda nyumbani kwao na diski mbili alizozitafuta mwenyewe. Alimwamkia mama shikamoo, akaitikiwa kwa kichwa. Alizipachika, akahamisha filamu kutoka kwenye kompyuta kuukuu, na haikupita wiki kompyuta ile ikafa. Filamu zikawa zimeshafika salama, na watu wawili nao walikuwa wameshafika mbali. Simu zilianza kama za ukaguzi. Daktari alikuwa anauliza kama taa za sanduku ni za kijani, anajibiwa ni za kijani, na mazungumzo yanaendelea mpaka sikio linawaka moto. Alimwita "fundi wangu". Dada alimwita "daktari wangu", na akimkasirikia kidogo humwita "mhubiri".

Siku moja dada alizima sanduku alifute vumbi, akazichomoa diski, akasoma tarehe za kiwandani kwenye lebo. Moja ilikuwa ya mwaka huo. Nyingine ilikuwa ya zamani.

Hapa msomaji inabidi aifahamu sheria ya cherehani. Kitambaa cha nguo moja hukatwa kwenye jora moja. Majora mawili hata yakifanana rangi, yakipigwa na jua yatasalitiana, na mteja atatembea na mgongo wa rangi yake na kifua cha rangi yake. Fundi anayechanganya majora anamaliza masalio yake kwenye mwili wa mtu asiyejua. Dada alijifunza hilo kwa mama yake kabla hajajua kutunga uzi kwenye sindano. Alipiga simu papo hapo.

"Hizi diski zimetoka kiwandani pamoja?"

"Hapana, fundi wangu. Moja ni ya zamani kidogo. Nilifanya makusudi..."

Makusudi! Hakusubiri lililofuata. Alikata simu na namba akaifungia. Kuuliza si ujinga, lakini aliyeumia hakumbuki methali. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alimwamini katika jambo la baba yake.

Alikwenda duka jingine, akahakikisha zinakubaliana na sanduku, akaomba mbili zenye tarehe ileile. Alipewa mapacha hasa, namba zao zikifuatana, na fundi wa pale akamhamishia filamu. Za Daktari alizitia kwenye droo ya vifungo. Aliapa kwenda kumrushia usoni, lakini kila siku alipata nguo ya haraka ya kumalizia.

Hasira hasara. Msimu wa joto pacha mmoja alianza kugonga, taa ikawa nyekundu. Kabla dada hajapata wa kumbadilisha, pacha wa pili akamfuata. Alasiri ile mama alikaa mbele ya televisheni nyeusi, mikono mapajani, akasubiri. Kesho yake akasubiri tena. Chai hakuiomba.

Dada alivaa gauni la kwanza lililomjia mkononi, akakimbilia ukumbini na maiti zile mbili. Daktari hakumuuliza alikuwa wapi. Alisogeza moja sikioni, akasoma lebo zote mbili, akafumba macho kidogo.

"Zimezaliwa siku moja," alisema. "Zikafanya kazi moja, zikapata joto moja. Kasoro ikiwa kwa mmoja, huwa iko kwa wote. Ndiyo maana zako nilizitafuta za mikupuo tofauti ya kiwanda, fundi. Ili zisife pamoja."

Dada alizikazia macho lebo zile. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unacheka. Nilisahau nusu ya ninayoyajua." Akazisogeza kando zile maiti. "Zile zangu ulizitupa wapi?"

"Droo ya vifungo. Lakini hazina kitu. Filamu zilihamishwa."

Daktari alimtazama, miwani ikamteleza kutoka kwenye paji mpaka puani, mahali pake. "Fundi, diski si jora ambalo ukilikata linapungua. Pale walinakili tu. Kama hukuzigusa, baba yako bado yumo."

Walikwenda kwa miguu kwa sababu hakuna aliyeweza kusubiri usafiri. Dada alizifukua diski chini ya vifungo, Daktari akazifuta kwa pindo la shati, akazipachika. Sanduku lilivuma. Ile ya zamani iliwaka kwanza, halafu mwenzake. Televisheni ikafunguka, na baba akaingia ndani ya picha akirudi kinyumenyume kutoka kwenye kamera, akasafisha koo.

"Mke wangu, hebu geuka," alisema. "Watakuja kukuona watu ambao hawajazaliwa."

"Sigeuki," mama alijibu, leo, kutoka kwenye kiti chake, kisha akacheka huku machozi yanamtoka. "Mwanangu, weka chai."

Hakuna aliyekwenda kuweka chai. Daktari alikuwa amesimama kama aliyeingia mahali patakatifu. Miaka yote alikuwa anafufua diski na kuzirudisha kwa wenyewe bila kutazama kilichomo, na leo ndiyo kwanza aliona kazi yake ikicheka. Alitafuta ukuta akaushika. Dada alimwona, na pale pale hasira yote ilimwisha, ikabaki haya, na mapenzi makubwa kuliko haya.

Alichukua futi iliyokuwa inaning'inia kwenye cherehani, akamwendea.

"Simama wima, nikupime."

"Shati la nini?"

"La harusi. Kama tutaelewana."

Daktari aliishika ncha ya futi. "Mimi nimekupita umri, fundi. Tumetoka makwetu tofauti, hata kuongea hatuongei sawa. Mimi na wewe si jora moja."

"Najua. Nilikuwa nadhani hiyo ni kasoro."

Daktari akatazama sanduku lililokuwa linawaka taa zake mbili za kijani. "Lina nafasi ngapi vile?"

"Mbili tu, mhubiri. Inua mikono."

Aliinua. Mama, bila kutoa macho kwenye televisheni, alimwambia binti yake aache nafasi ya kutosha kwapani, kwa sababu wanaume wa namna hii hurusha mikono wakizungumza, na marehemu alichana mashati mengi.